Kupima hedfoni za waya za bei ndogo kabla hujatoa hela: mwongozo kamili kwa mtu wa Mwanza

Tuelewane kwanza naongelea hedfoni zipi. Ni zile kubwa zinazofunika sikio lote, za waya, za chini ya elfu hamsini, za kutumia kila siku kwa lekcha, mziki, mpira, simu za kazi, gemu, na hata kwa anayejifunza kutengeneza biti chumbani kwake. Za kuchomeka ndani ya sikio na za bluetooth siziongelei. Najua sa hivi ukipita Makoroboi kila meza ni bluetooth na ukitoa waya mfukoni vijana wanakucheka, ila waya una faida zake bhana: hauchajiwi, kwa hiyo umeme ukikatika Buhongwa toka asubuhi we unaendelea na mambo yako, sauti haichelewi nyuma ya picha, na kwenye simu yenye redio ya FM ule waya ndo antena yenyewe, ndo maana ukifungua redio bila kuchomeka kitu inakuambia chomeka hedfoni kwanza. Anayesikiliza Radio Free Africa bila kula bando anajua naongelea nini.

Shida ni kwamba watu wengi wanapima hedfoni kwa kitu kimoja tu, besi. Muuzaji anakuvalisha, anakuwekea ngoma moja nzito, kichwa kinatikisika, unatoa hela, na mwezi haujaisha upande wa kushoto umenyamaza. Hedfoni za bei hii mara nyingi haziachwi kwa sababu sauti ni mbaya, zinaachwa kwa sababu waya umekatikia ndani, pini imelegea, bawaba imepasuka au sponji imebanduka. Kwa hiyo mi napima kuanzia huko, halafu nakuja kwenye sauti ya mtu anayeongea, besi naiweka mwisho kabisa.

Anza na simu yako

Angalia kama simu yako ina tundu la pini ya milimita 3.5. Simu nyingi za bei ya kawaida bado wanaliacha, ila Apple walilitoa toka iPhone 7 ya mwaka 2016 na simu nyingi kali za Android zikafuata. Kama huna tundu utahitaji adapta, na kwenye adapta za Type-C ndo watu wanapigwa sana, maana ziko aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja ina chipu ndani inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa sauti ya kawaida ya waya. Nyingine ni waya mtupu, inategemea simu yenyewe itoe sauti ya kawaida kupitia tundu la chaji, na simu nyingine zinafanya hivyo, nyingine hazifanyi kabisa (Samsung kubwa za miaka ya karibuni na Pixel hazifanyi). Ndo unakuta mtu anasema adapta ni mbovu wakati kwa jirani yake inapiga vizuri tu. Uliza yenye chipu, na ipime kwenye simu yako wewe, sio ya muuzaji.

Halafu angalia pini ya hedfoni yenyewe. Ikiwa na mistari miwili myeusi ni ya kusikiliza tu, ikiwa na mitatu ina maiki. Hii ya mistari mitatu ina ugonjwa wake: kuna mipangilio miwili tofauti ya wapi maiki inakaa na wapi waya wa ethi (ule wa kurudishia umeme) unakaa, na simu za sasa karibu zote zinatumia mmoja, lakini bado kuna hedfoni za mpangilio wa zamani sokoni. Dalili yake huwezi kuisahau, mziki unasikika ila mwimbaji hayupo, au anasikika kama yuko ndani ya pipa, afu ukibonyeza kile kitufe cha maiki na kukishikilia anarudi ghafla. Ukiona hivyo usibishane na muuzaji kuhusu ubora, mpangilio haulingani na simu yako, rudisha uchukue nyingine.

Wa laptop: nyingi za sasa zina tundu moja linalobeba sauti na maiki pamoja, ila kompyuta za zamani na zile za mezani zina matundu mawili. Kwa hizo, pini yako ya mistari mitatu itatoa sauti lakini maiki haitafanya kazi mpaka uwe na kile kiwaya cha kugawanya mara mbili. Ni cha bei ndogo, chukua siku hiyo hiyo kama una vikao vya mtandaoni.

Andaa vya kupimia ukiwa bado nyumbani

Usitegemee ngoma ya muuzaji. Yeye ana nyimbo zake alizochagua kwa kazi hiyo, na simu yake imewashwa ikwalaiza (kile cha kupandisha na kushusha besi na sauti za juu) mpaka basi. Pakua vyako ukiwa na bando la kutosha uviweke kwenye simu:

Rekodi ya mtu anaongea tu bila mziki, mahubiri, taarifa ya habari, lekcha, chochote, sharti iwe safi. Wimbo mmoja wenye vyombo vingi vya kweli, mfano taarabu yenye fidla na akodiani au rumba yenye magitaa yanayopishana, na uwe wimbo unaoujua mpaka makosa ya mpiga gitaa. Singeli au kitu chochote chenye besi kali. Testi ya kushoto na kulia, zimejaa YouTube. Na ile sauti ya mlio mmoja unaopanda taratibu kutoka 20 Hz mpaka 20,000 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba), hii ni muhimu kuliko nyimbo zote na nitaeleza kwanini. Wimbo uliorushwa rushwa WhatsApp mara kumi usiutumie, umeshakwaruzika wenyewe, utailaumu hedfoni bure.

Kisha kwenye simu zima ikwalaiza, zima mambo ya kukuza sauti, na ingia kwenye mipangilio ya usaidizi uhakikishe kile kipimo cha kushoto na kulia kiko katikati. Watu wanakisogeza bila kujua, mtoto kashika simu tu imetoka.

Kusoma boksi bila kudanganywa

Boksi linasema mengi na machache ndo yana maana. La kwanza ni omu, yaani ukinzani wa hedfoni kwa umeme, ukiwa mkubwa inataka nguvu zaidi. Kwa simu unataka 16 mpaka 32, hata 40 na kitu bado inaenda. Ukikuta 80 au 250 hiyo ni ya kutumia na amplifaya. Hii inawakuta sana wanaookota vitu vizuri vya mtumba, unakuta mtu kapata Beyerdynamic DT 770 Pro kwa bei ya kutupa, anafurahi, anachomeka kwenye simu inatoa sauti ndogo, anadhani imekufa, kumbe DT 770 Pro zinatoka za omu 32, 80 na 250 na yeye kapata ya 250. Hedfoni nzima, simu ndo haina nguvu.

La pili ni unyeti, yaani inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu ndogo, unaandikwa kwa dB, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukiwa karibu na 100 au zaidi simu itaisukuma bila shida.

Mengine ni mapambo. "20 Hz mpaka 20,000 Hz" imeandikwa kwenye kila boksi hapa duniani na haikuambii kitu kama hawajasema sauti inapanda na kushuka kiasi gani humo katikati. Spika ya milimita 50 sio lazima iwe bora kuliko ya 40, nimesikia za 50 zinazokoroma tupu. Stika ya Hi-Res maana yake kifaa kinafika 40,000 Hz, wakati sikio la binadamu likiwa zima kabisa la kitoto linaishia kama 20,000. Na hii ya "7.1", yaani sauti ya kukuzunguka pande zote, kwenye hedfoni yenye pini ya kawaida ya 3.5 naomba uicheke tu, pini hiyo inabeba njia mbili, kushoto na kulia, basi. Hiyo saba nukta moja inatengenezwa na programu kwenye kompyuta, haimo kwenye waya.

Kwa feki kuna njia moja rahisi kuliko kukodolea macho nembo. Chukua namba ya modeli, ingia tovuti ya kampuni yenyewe, linganisha namba. Mfano Sony MDR-ZX110 ya kweli ina spika za milimita 30, omu 24, waya wa mita 1.2, na inakaa juu ya sikio, haifuniki sikio lote. Sasa ukiletewa "ZX110" kubwa inayomeza sikio na boksi limeandikwa milimita 50, huna haja ya kuuliza kitu, mwachie mwenyewe. Au Audio-Technica ATH-M20x, ya kweli ina spika za 40, omu 47 na waya wa mita 3 usiochomoka kwenye kikombe, ukiona yenye waya wa kuchomoka jua hiyo ni kitu kingine kimevalishwa jina. Wanaotengeneza feki wanahangaika na nembo, hawahangaiki na vipimo.

Ila niseme ukweli, jina lisilojulikana sio dhambi. Bora hedfoni ya kampuni usiyoijua inayojiita kwa jina lake kuliko feki ya jina kubwa, kwa sababu aliyetengeneza feki hana cha kupoteza.

Mikono kwanza, masikio baadae

Hapa ndo pakukaa. Mwambie muuzaji kwa upole, "boss wangu, naomba nizipime dakika chache kabla sijalipa," wengi watakubali, akikataa kabisa kufungua boksi ondoka, Makoroboi na Rwagasore Street hazina uhaba wa maduka.

Chomeka kwenye simu yako, weka ile rekodi ya mtu anayeongea, volyumu ya kawaida, vaa. Sasa shika waya pale unapotokea kwenye pini, ule mpira mfupi unaokinga, ukunje kulia, kushoto, mbele, nyuma, taratibu, huku unasikiliza. Zungusha pini ndani ya tundu mduara mzima. Halafu nenda kwenye kikombe, pale waya unapoingia, fanya vile vile. Kama kuna kiboksi cha volyumu au maiki katikati, fanya juu yake na chini yake. Upande wowote ukikata hata kwa nusu sekunde, au ukisikia "krr", hiyo sio ya kuchukua hata akupunguzie. Kiungo kinachokata ikiwa mpya hakiponi, kinasubiri tu.

Kile kiboksi cha volyumu ya kuzungusha kipe mtihani wa ziada, kizungushe kutoka mwisho hadi mwisho. Kwenye hedfoni za bei hii ni sehemu dhaifu mno, utasikia kinakwaruza au upande mmoja unatangulia mwingine. Mi nikipewa nafasi ya kuchagua nachukua isiyo nacho.

Pini ya kona, ile iliyopinda kama L, inavumilia mfukoni kuliko iliyonyooka. Waya unaochomoka kwenye kikombe ndo bahati kubwa kuliko zote kwa bei hii, maana ukikatika unanunua waya tu, ila chunguza tundu la kikombe ni la kawaida la 3.5 au ni la ajabu ajabu lililozama ndani, likiwa la ajabu waya wa kubadilisha utautafuta mpaka Kariakoo. Urefu nao uangalie: mita 1.2 ni ya simu, mita 3 ni ya studio na mezani, hiyo ya mita 3 kwenye daladala ya Nyegezi abiria anayeshuka ataondoka na kichwa chako.

Kisha upinde wa kichwani. Vuta vikombe vifike mwisho wa urefu na uvirudishe, visikilize vinavyobana hatua kwa hatua. Vikiteleza vyenyewe, hedfoni itakuwa inashuka shingoni kila ukiinama. Panua upinde kwa upana wa kichwa na kidogo zaidi, usitumie nguvu za mashindano, uangalie pale kikombe kinaposhikana na upinde. Pale ndo panapasuka. Ukiona plastiki inageuka nyeupe kwenye kona ukiipanua, hiyo ni dalili ya kupasuka, na siku utakayoisahau kwenye kiti mtu akaikalia ndo mwisho. Zenye bamba la chuma linalopita mpaka ndani ya kikombe zina uzito kidogo ila zinakaa.

Sponji, jasho na kichwa chako

Mwanza sio Njombe. Hii ngozi bandia inayofunika sponji haipatani na jasho na joto, inaanza kuwa na mikunjo, halafu inabanduka vipande vyeusi vinavyobaki shavuni. Huwezi kuizuia, unachoweza kupima ni mbili. Bonyeza sponji kwa kidole uachie, inatakiwa irudi taratibu na yote, ikibaki na shimo au ikigusa plastiki ngumu ya ndani mapema, ni nyembamba. Na ivute kidogo pembeni uone kama inatoka kwenye mdomo wa kikombe, kwa sababu inayotoka inabadilishika, iliyogundishwa kwa gundi ni ya kufa nayo. Pima upana wake kwa rula uandike, utakuja kunishukuru siku ukitafuta nyingine. Za kitambaa zinapumua zaidi kwenye joto ila zinakula jasho, na vumbi, na sauti inavuja kidogo.

Sasa vaa, na usivue mpaka umalize kupima kila kitu. Robo saa ni ya chini kabisa. Sikio lote liingie ndani, ncha isiguse kitambaa cha spika, sikio likigusa utavumilia siku mbili tu. Anayevaa miwani avae na miwani yake, na dada zetu wenye hijabu au mtandio wapime wakiwa wameuvaa vile vile wanavyouvaa siku zote, juu au chini ya hedfoni, maana kitambaa kikipita chini ya sponji kinafungua mwanya na besi inakimbia, hedfoni ile ile itaonekana mbovu kwako na nzuri kwa mwenzako. Misuko minene inafanya hivyo hivyo. Tingisha kichwa, inama ufunge kamba za viatu, tafuna kitu. Kisha bonyeza vikombe vyote viwili kwa viganja ukiwa unasikiliza mziki: sauti ikibadilika sana, besi ikaja ghafla, maana yake haikubani sawa kichwani kwako wewe. Hili sio kosa la hedfoni, ni umbo tu, ila halirekebishiki.

Sasa sauti yenyewe

Kushoto na kulia kwanza. Inaonekana ya kitoto lakini hedfoni zilizopita kwa fundi mara nyingine zinarudi zimegeuzwa.

Pili, kwenye mipangilio ya usaidizi ya simu kuna kitu cha kugeuza sauti iwe mono, yaani kushoto na kulia vitoe kitu kile kile. Kiwashe, weka mtu anayeongea, fumba macho. Sauti inatakiwa ikae katikati ya kichwa kabisa, kama mtu kakaa ndani ya paji la uso. Ikivutia upande mmoja, spika hazilingani. Ikiwa haina mahali, imetawanyika tawanyika na besi imekonda, spika moja imeunganishwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na zinauana. Hili la pili fundi anarekebisha kwa kubadilisha nyaya mbili upande mmoja, ila kwa kitu kipya mwachie muuzaji mwenyewe. Ukimaliza rudisha isiwe mono.

Tatu, ule mlio unaopanda. Volyumu ndogo, uanzie chini. Kwenye 20 na 30 Hz pengine hutasikia kitu, ni sawa. Kuanzia kama 40 mpaka 200 sikiliza kama kuna kitu kinatetemeka, "brrr" ya plastiki, unywele uliogusa spika, au kikombe ambacho skrubu hazijakazwa. Nyimbo zinaficha hii, mlio mmoja hauwezi kuificha, ndo maana nikasema ni muhimu kuliko nyimbo zote. Ukiendelea kupanda, sikiliza kama upande mmoja unapungua wakati mwingine unabaki. Mlio ukifika kati ya 5,000 na 9,000 kuna sehemu utakuwa mkali, karibu hedfoni zote zina kilima hapo, swali ni kama unakuchoma. Ukikuchoma kwenye mlio, utakuchoma kwenye kila "s" ya mtangazaji.

Nne, sauti ya binadamu, na hapa usiwe na haraka. Weka rekodi ya mwanaume mwenye sauti nzito na ya mwanamke, uliza maswali haya. Mzee anasikika yuko kifuani au kaziba pua? Herufi "s", "sh" na "ch" zinapita au zinakata? Ukipunguza volyumu mpaka chini sana bado unaelewa kila neno? Hilo la mwisho ndo mtihani wangu mkubwa, kwa sababu hedfoni yenye besi iliyovimba inameza sauti za kati, na utajikuta unaongeza volyumu kila saa kutafuta maneno, sio kutafuta mziki. Kwa mwanafunzi wa SAUT pale Malimbe anayerudia lekcha iliyorekodiwa ukumbini na maiki ya simu, hili ni bora kuliko besi za dunia nzima.

Tano, ule wimbo wa vyombo vingi. Fuata chombo kimoja tu mwanzo hadi mwisho, mfano gitaa la pili, lile lisilo na sifa. Ukiweza kulifuata hata mwimbaji akiingia, hedfoni inatenganisha. Likipotea kila mara, zimechanganywa uji.

Besi sasa. Weka singeli yako. Unachotafuta ni kama kila pigo linaanza na kuisha, ukubwa wa kishindo achana nao. Besi mbaya inaburuza, pigo la pili linakuta la kwanza bado lipo. Panda volyumu mara moja tu mpaka juu kidogo ya unavyosikilizaga, ikianza kukoroma hapo ndo kikomo chake, kisha shusha haraka.

Maiki kama ipo: jirekodi ujumbe wa sauti ukiwa mlangoni kwa duka, kelele zote zipo, usikilize. Maiki nyingi za bei hii ziko kawaida tu, unachokagua ni kama inasugua nguo na kama unaeleweka.

Kelele za mtaani ndo maabara

Uzuri wa kununua Makoroboi ni kwamba una vipaza sauti vya machinga vinarudia tangazo lile lile bila kupumzika, tumia hiyo. Vaa hedfoni bila mziki. Vikombe vilivyozibwa nyuma vinapunguza sauti za juu vizuri, kelele za watu, honi, vyombo, ila mngurumo wa chini, injini ya daladala au ya kivuko cha Kamanga, utapita karibu wote, na hakuna hedfoni ya kawaida ya waya isiyo na betri itakayoondoa mngurumo ule. Kwa hiyo akikuambia inazuia kelele zote, anakusalimia tu. Zenye matundu nyuma ya kikombe zinaruhusu kila kitu kuingia na kutoka, zinasikika wazi na tamu nyumbani, kwenye gari ni aibu, kila abiria anajua unasikiliza nini. Mpe mwenzako avae na volyumu yako ya kawaida wewe ukae pembeni usikie zinavujisha kiasi gani.

Kwanini nasisitiza hili: ukishindwa kuzuia kelele unapandisha volyumu, na masikio hayana spea. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa 80 dB kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza 3 dB muda unakatika nusu, yaani 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, na 90 inabaki kama saa 4 kwa wiki nzima. Mtu wa kwenda Geita na kurudi mara kwa mara anazimaliza hizo kabla ya Jumatano, hata sasa hivi daraja la Kigongo–Busisi likiwa limefunguliwa na foleni ya kivuko imeisha. Njia ya kienyeji: weka volyumu ukiwa chumbani pametulia, iangalie iko ngapi, ukifika kwenye gari ukilazimika kupandisha zaidi ya hatua mbili tatu, hedfoni hiyo haikufai kwa safari, iache iwe ya nyumbani. Na juu ya boda, uwe abiria au dereva, zivue. Hapo sina maelezo mengine.

Ukikaribia kulipa na ukishalipa

Kabla hela haijatoka uliza kwa mdomo na uandikiwe kwenye risiti: siku ngapi za kubadilisha, na kama upande mmoja ukifa inahesabika. Duka lisilotoa risiti ni sawa na machinga, ambaye naye sio mbaya, ila bei iwe ya machinga sasa.

Siku hizo za kubadilisha zitumie kweli. Usiziweke kabatini kusubiri sikukuu. Zivae kama utakavyozivaa mwaka mzima, lala nazo kidogo, zipige jasho, zichomeke kwenye laptop, TV na redio, rudia testi ya kukunja waya kila jioni. Utaambiwa ziache zipige siku nzima usiku na mchana ili "zifunguke". Spika ndogo hizi hazifunguki kivile, kinacholainika ni sponji, na sikio lako linazoea. Kama hukuipenda sauti siku ya kwanza na siku za kurudisha zinaisha, rudisha, usisubiri miujiza.

Waya usiuzungushe kwenye simu kwa kubana, zungusha mduara mpana kama wa kiganja. Usichomoe kwa kuvuta waya, shika pini. Sponji zipanguse na kitambaa kikavu baada ya matumizi, spiriti inaikausha ngozi bandia haraka.

Pini ikifa baadae, usitupe. Fundi redio anakata ile ya zamani, anaweka pini mpya ya kufungua. Simama pale aone unaangalia. Nyaya za ndani huwa nyembamba zenye rangi iliyopakwa moja kwa moja kwenye shaba, kawaida nyekundu ni kulia, kijani au bluu kushoto, rangi ya shaba ni ethi, na hiyo rangi lazima iunguzwe au ikwanguliwe kabla ya risasi ya kuunganishia nyaya kushika. Fundi anayesokota tu na kuweka risasi juu juu atakurudishia hedfoni inayokata kata vile vile. Akimaliza, fanya ile testi ya mono hapo hapo kabla hujamlipa.

Spika yenyewe ikianza kukoroma kwa volyumu ndogo, hiyo utando umechanika au umejaa vumbi la chuma, kwa bei hii usihangaike nayo. Chomoa sponji kama bado nzima, kata waya, weka droo ya vitu vya spea.